Uwanja wa shule wenye viti zaidi ya 16,000: Massillon na desturi alizozipanga Paul Brown

Massillon ni mji wa watu wapatao 32,000 kaskazini mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, kando ya mto Tuscarawas. Ni jirani wa Canton upande wa magharibi. Kwa gari hata nusu saa haiishi. Ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, na vingi vimeshafungwa. Shule yake ya sekondari ya umma, Washington High School, huchezea futiboli ya Kimarekani katika uwanja wenye viti zaidi ya 16,000. Nusu ya mji ikiamua kwenda mpirani siku moja, karibu wote watapata pa kukaa.

Wengi wakiueleza uwanja huu husema mapenzi ya mpira yalijiotea tu katika mji wa wafanyakazi, na desturi zikafuata zenyewe. Sikubaliani nao. Tazama miaka: kocha aliajiriwa 1932, klabu ya mashabiki ikaundwa 1934, bendi ikaanza 1938, uwanja ukafunguliwa 1939. Ni miaka saba tu, na nyuma ya kila hatua yumo mtu yuleyule.

Mapenzi yalikuwepo kabla yake, hilo halina ubishi. Sekondari za Massillon na Canton zilikutana kwa mara ya kwanza 1894. Kati ya 1903 na 1906 miji hiyo miwili ikawa na timu za kulipwa zilizotumia fedha nyingi kununua wachezaji kutoka mbali, mpaka mwaka 1906 zikaibuka tuhuma za kupanga matokeo na mambo yakavunjika kwa aibu. Uhasama ulibaki. Kilichokosekana ni mtu wa kuupa mpangilio.

Mtu huyo alikuwa Paul Brown, aliyekulia Massillon na kuichezea shule hiyohiyo kabla ya kurudi kuifundisha akiwa na miaka 23. Katika misimu tisa, 1932 hadi 1940, timu yake ilishinda mechi 80, ikapoteza 8 na kutoka sare 2. Msimu wa mwisho, 1940, ilifunga alama 477 na kufungwa 6. Nasema tena: sita, kwa msimu mzima.

Siri yake ilikuwa karatasi na daftari. Kila mchezaji aliandika mipango ya mashambulizi kwa mkono wake na kufanyiwa mtihani. Shule za ngazi ya chini mjini zilifundishwa mipango ileile yenye majina yaleyale, kwa hiyo kijana alipofika sekondari hakuanza upya. Alikuwa ameshaijua kwa miaka. Kocha wa leo anayelalamika kwamba vijana wanamfikia wakiwa wabichi aanzie hapo: kikosi cha kwanza hujengwa miaka mitatu kabla, kwa makocha wa chini wanaotumia msamiati mmoja na wa juu.

Kisha akageukia mji. Mwaka 1934 akawakusanya wafanyabiashara na wazazi katika klabu ya mashabiki, Massillon Tiger Football Booster Club (Tigers, yaani chui milia, ndilo jina la timu ya shule). Kazi yake ilikuwa kuchangisha fedha, na pia kumpa kocha jukwaa la kuwaeleza watu kilichotokea wiki iliyopita na kinachokuja. Mwaka 1938 akaletwa George "Red" Bird kuongoza bendi, iliyojulikana kama Tiger Swing Band. Bendi za shule za wakati huo zilipiga gwaride la kijeshi. Bird akaleta muziki wa kucheza na maonyesho yaliyopangwa, ili asiyejua chochote kuhusu mpira naye awe na sababu ya kununua tiketi. Mwaka uliofuata uwanja ukafunguliwa.

Ulijengwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kwa msaada wa WPA, programu ya serikali ya Rais Roosevelt iliyowaajiri watu wasio na kazi kujenga barabara, madaraja, shule na viwanja. Uwanja wa Canton, ulioitwa Fawcett Stadium, ulikuwa zao la programu hiyohiyo na kipindi hichohicho. Ndiyo maana katika kaunti moja, Stark, kukawa na viwanja viwili vya shule ambavyo vilabu vingi vya kulipwa duniani vingevitamani. Wa Massillon uliitwa kwanza Tiger Stadium, baadaye likaongezwa jina la Brown. Usiuchanganye na ule wa Cincinnati uliobeba jina lake kuanzia 2000 hadi 2022. Huo ni wa timu ya kulipwa ya Bengals, ambayo Brown alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Kuna jambo moja la kaunti hii ambalo husahaulika. Katika miaka ya 1930 Canton McKinley, sekondari hasimu ya Canton, ilikuwa na kijana mweusi mwenye nguvu za kutisha, Marion Motley. Shule yake ilipoteza mechi tatu tu katika miaka yake mitatu, zote dhidi ya Massillon ya Brown. Upande wa pili Brown alikuwa na Horace Gillom, mweusi pia. Ligi za kulipwa wakati huo ziliwafungia milango wachezaji weusi. Brown alipoanza kuifundisha timu ya kulipwa ya Cleveland Browns mwaka 1946 aliwachukua Motley na Bill Willis, na mwaka uliofuata akamwongeza Gillom. Aliwajua, maana alikuwa ameshawaona kwa macho yake wakicheza dhidi yake, chini yake shuleni, na kwa Willis, chini yake chuo kikuu cha Ohio State.

Sasa tuingie uwanjani. Aliyezoea soka akiketi jukwaani kwa mara ya kwanza huona kiwanja chembamba. Urefu wa kuchezea ni yadi 100, sawa na mita 91.4, na kila mwisho kuna eneo la kufungia la yadi 10. Upana ni futi 160, yaani mita 48.8. Kanuni za soka zinaruhusu upana kuanzia mita 45, kwa hiyo shule nyingi za Marekani huchezea soka humohumo, lakini mawinga hawana pa kukimbilia. Nguzo za goli za futiboli ya sekondari zimeachana futi 23 na inchi 4, mita 7.11, pungufu kidogo ya goli la soka la mita 7.32. Mwamba wake uko futi 10 juu, karibu mita 3.05, na mpira wa mkwaju lazima upite juu yake, si chini.

Katikati ya kiwanja kuna safu mbili za vistari vifupi. Kila jaribio la kusogeza mpira mbele huanza juu ya safu hizo au kati yake. Mchezaji akiangushwa pembeni, mpira hurudishwa kwenye safu iliyo karibu. Kwa sekondari safu hizo zinagawa upana katika mapande matatu yaliyo sawa, kila moja futi 53 na inchi 4. Kwa wachezaji wa kulipwa pengo la katikati ni futi 18 na nusu tu. Tofauti hiyo inaathiri mbinu, kwa sababu mpira ukiwa kwenye safu ya kushoto upande wa kulia unabaki mpana mno. Inaathiri pia uchakavu wa nyasi: kwenye uwanja wa shule huenea ukanda mpana wa katikati, wakati kwenye viwanja vya kulipwa hujilimbikiza kwenye kamba nyembamba.

Viwanja vya zamani vya nyasi halisi vilitengenezwa na mgongo: katikati juu, pembeni chini, kwa tofauti inayoweza kufika inchi 18. Maji ya mvua yalitiririka kuelekea mistari ya pembeni, yaani palepale wanaposimama makocha na wachezaji wa akiba, ambako pakawa tope kila Oktoba. Nyasi bandia zilipoingia, mgongo ukashushwa sana. Maji sasa hupenya chini kwenye tabaka la kokoto na kuchukuliwa na mabomba.

Lakini nyasi bandia zina yake. Kwa kawaida hudumu miaka 8 hadi 12. Katikati ya nyuzi hujazwa mchanga na chembe za mpira wa matairi, na chembe hizo huhama: hutimuliwa na viatu, hubebwa na maji, huganda kwenye soksi. Zikipungua, sakafu inakuwa ngumu na kichwa kikigonga chini pigo linaongezeka. Kipimo cha ugumu huo kinaitwa G-max, na kiwango kinachotumika Marekani ni kwamba popote panapofika 200 pasitumike mpaka parekebishwe. Kwa hiyo fundi wa uwanja anayejua kazi yake hupita na brashi ya kuvutwa na trekta ndogo, akarudisha chembe kwenye ukanda wa katikati na mbele ya mistari ya kufungia, kisha akakagua viungo vya gundi vya namba na nembo. Kiungo kilichofunuka sentimita mbili kinatosha kunasa kiatu na kuvunja goti. Bodi za shule hupenda kuahirisha kazi hii kwa sababu haionekani kutoka jukwaani.

Kubwa zaidi ni majukwaa. Ohio ina baridi ya kuganda na kuyeyuka mara nyingi katika msimu mmoja wa baridi. Maji yakiingia kwenye ufa mdogo wa zege huganda, hutanuka, hupanua ufa. Yakifika kwenye nondo, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na kipande cha zege hubanduka. Chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu huongeza kasi ya kutu. Dawa yake ni kuziba viungo vya kutanukia kila baada ya miaka michache na kuhakikisha mifereji ya maji haijaziba majani. Ni kazi rahisi, bei yake ndogo, na ikirukwa kwa miaka kumi bei ya matengenezo inatisha.

Wala upya wa jengo si kinga. Mji wa Allen, Texas, ulifungua mwaka 2012 uwanja wa shule wa viti 18,000 kwa karibu dola milioni 60. Februari 2014 ukafungwa baada ya nyufa kuonekana kwenye zege la korido za majukwaa, timu ikakosa uwanja wake msimu mzima, ukafunguliwa tena 2015. Uwanja wa Massillon umemaliza zaidi ya miaka 80 na bado unajaza watu, jambo linalosema mengi kuhusu waliojenga 1939, na zaidi kuhusu waliofuata na ndoo ya lami na bomba la kuzibia.

Mechi za kawaida ni Ijumaa saa 1 usiku, robo nne za dakika 12. Mapumziko ya sekondari kwa kanuni ni dakika 15, na shule zinaweza kukubaliana kuyafikisha 20. Baada ya hapo timu zinapewa dakika 3 za kupasha misuli. Dakika za mapumziko ni za bendi, na hapo mistari ya kiwanja inapata kazi ya pili. Bendi nyingi za Marekani hutembea hatua 8 kwa kila yadi 5, yaani kila hatua inchi 22 na nusu, sentimita 57 hivi. Mwanafunzi hahitaji kuangalia miguu: mguu unatakiwa kutua juu ya mstari kila hatua ya nane. Asipoufikia, ajue hatua zake zilikuwa fupi, na kosa litaonekana jukwaani kama mstari uliopinda. Viwanja vyenye nembo kubwa iliyofunika mistari ya katikati huwapa taabu sana, na hapo ndipo walimu wazuri hufundisha kupimana kwa bega la jirani badala ya mstari.

Baridi nayo ni adui. Kufikia mwisho wa Oktoba hewa baridi hushusha kimo cha sauti ya matarumbeta, kila moja kwa kiasi chake, na unyevu huganda ndani ya vali. Wapigaji wenye uzoefu hupuliza hewa ya joto ndani ya ala bila kutoa sauti robo ya pili inapokaribia kwisha, na hubeba kinywa cha ala mfukoni. Asiyefanya hivyo ataanza onyesho chini ya kimo cha wenzake, na kurekebisha katikati ya onyesho ni vigumu.

Pembeni kuna watu watatu ambao hakuna anayewashangilia: wawili wanashika miti iliyounganishwa kwa mnyororo wa yadi 10, wa tatu ana mti wenye namba ya jaribio, maana timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi hizo 10. Kwa kawaida ni wazee wa mji wanaojitolea, na nafasi hizo hukaliwa na mtu mmoja kwa miongo. Kazi inaonekana nyepesi mpaka ipotee klipu. Mnyororo ukishawekwa, klipu hubanwa pale unapokatiza mstari wa yadi tano ulio karibu na mti wa nyuma. Wakiitwa kupima, hawategemei alama za miti ardhini; wanaweka klipu juu ya mstari uleule ndani ya kiwanja na kuvuta mnyororo. Klipu ikisahaulika na mchezaji akawaparamia, hakuna namna ya kurudisha mnyororo ulipokuwa, na kipimo cha inchi mbili kinageuka kuwa kisio la mwamuzi.

Desturi iliyoipa Massillon jina nje ya Ohio ni Obie, mtoto wa chui milia aliye hai aliyewekwa kwenye kizimba pembeni mwa kiwanja. Ilianza karibu na 1970. Kila msimu aliletwa mwingine, kwa sababu chui milia hukua haraka mno. Anayebebeka Agosti ana meno na misuli ya kuogopwa Novemba. Baada ya mmiliki mmoja karibu na Zanesville kuwafungulia makumi ya wanyama wakali Oktoba 2011, Ohio ilibana mwaka 2012 sheria ya ufugaji wa wanyama hao, na wabunge wakatafuta njia ya kuiachia shule yenye mnyama wa nembo. Desemba 2022 ikaja sheria ya taifa inayozuia umma kugusana na watoto wa paka wakubwa. Ukiniuliza, msamaha ule wa jimbo ulikuwa aibu. Mnyama yule hakuwa na shida na makelele peke yake. Shida ilikuwa anapokwenda msimu ukiisha, swali ambalo jukwaani halikuulizwa. Jina Obie halimhitaji, maana linabebwa pia na mwanafunzi anayevaa vazi la chui milia mbele ya bendi.

Desturi nyingine ni ya hospitali: klabu ya mashabiki ilikuwa ikimpa kila mtoto wa kiume aliyezaliwa mjini mpira mdogo wa futiboli kitandani. Waandishi wa habari huipenda mno. Wachache huongeza kwamba hospitali ya mji, Affinity Medical Center, ilifungwa Februari 2018, na tangu hapo wazazi wengi hujifungulia Canton, kwa mahasimu.

Ipo pia ya Sideliners: watu wazima wa mji, kila mmoja akichukua mchezaji mmoja na kumlea kwa msimu, kumpa chakula, kumsikiliza, kuwa naye kabla na baada ya mechi. Hii naiona ndiyo desturi yenye maana kuliko zote, kwa sababu kijana ambaye nyumbani hana mtu anakuwa na mtu. Kinyume chake ni tabia inayosemwa sana Massillon, na haiko huko tu, ya wazazi kumrudisha mtoto darasa la nane ingawa amefaulu, ili aingie sekondari akiwa na mwaka mmoja zaidi wa mwili. Mwaka wa shule haurudi. Wengi wa vijana hao hawatacheza popote baada ya miaka 18.

Wiki ya kumi ya msimu ni ya Canton McKinley. Mechi hii kwa desturi huchezwa Jumamosi saa 8 mchana badala ya Ijumaa usiku, mwaka mmoja Massillon, mwaka unaofuata Canton. Huwa ni mechi ya mwisho kabla ya mchujo wa jimbo, na uzito wake katika hesabu za alama za kuingia mchujo si mdogo. Lakini waulize wenyeji, watakwambia msimu wa ushindi tisa na kipigo kimoja kutoka McKinley ni msimu mbaya.

Mchujo wenyewe ndio uliowanyima usingizi. Kabla ya 1972 bingwa wa Ohio alipatikana kwa kura, na Massillon ilivuna mataji kwa kura hizo. Ulipoanza mchujo wa uwanjani, shule ikafika fainali 1980, 1982, 2005, 2018, 2019 na 2020, ikapoteza zote sita. Kejeli iliyoongeza uchungu ni kwamba kuanzia 1990 hadi 2013 fainali za jimbo zilichezwa katika viwanja vya Massillon na Canton: mji ulifagia majukwaa na kupaka chokaa ili wengine waje kubeba kombe. Fainali ya saba ilikuwa Canton, 30 Novemba 2023, dhidi ya Archbishop Hoban ya Akron. Massillon ilishinda 7 kwa 2, matokeo ya ajabu katika mchezo ambao alama 40 ni za kawaida, na ikamaliza msimu bila kufungwa mechi hata moja.

Kwa msomaji aliyeko Ohio: kutoka Columbus ni takriban saa mbili, kutoka Cleveland au Akron unashuka kwa I-77 mpaka Canton, kisha US 30 kuelekea magharibi. Tiketi nunua mtandaoni kabla, na uangalie kanuni ya mikoba, maana shule nyingi sasa zinataka mfuko unaoonyesha ndani. Viti vya katikati, kati ya mistari ya yadi 30, kwa kawaida vimeshikwa na wenye tiketi za msimu, nyingine zikiwa zimerithiwa ndani ya familia. Usikae hapo kwa kubahatisha, utanyanyuliwa. Pembeni mwa majukwaa, safu za juu, bendi inaonekana vizuri zaidi kuliko katikati chini. Chukua kitu cha kukalia, kwa sababu benchi la alumini mwezi wa kumi huvuta joto la mwili kuliko hewa yenyewe. Wiki ya McKinley fika mapema kwa ajili ya maegesho, na kama hujui unashangilia nani, vaa kijivu.